Orodha ya Ndege ya Kiguu na Njia

Ndugu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi leo, haya ni maisha ya binti yetu kama yalivyoandikwa na mama yake mzazi, nami mjomba wake nayasoma kwa sababu mama amesema sauti yake imeishia kwenye simu za wiki hii, na ameniagiza nisiongeze neno wala nisiruke neno.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1982, saa kumi na moja alfajiri, katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu ya mji huu, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa mama fundi cherehani na baba karani wa stoo, ambaye alitangulia mwaka 1998. Alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyefaulu kumkalisha, maana mama yake alipokuwa akishona sare za shule yeye alikuwa keshatoka mlangoni, ikabidi afungwe kiunoni kwa utepe wa kitambaa na ncha ya pili ifungwe kwenye mguu wa cherehani, naye akajifunza kufungua fundo kabla hajajifunza kuomba maji. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyempa jina la Kiguu na Njia, na jina likamkaa kuliko lile la kwenye cheti.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1989 hadi 1995, na sekondari kuanzia 1996 hadi 1999, ambako taarifa ya kila muhula ilirudia jambo lile lile, kwamba ana akili ila hakai, hadi mwalimu wa hesabu akaandika kwa wino mwekundu kwamba atafurahi sana kumfundisha binti huyu siku atakayopita karibu na darasa. Mwaka 2000 alijiunga na chuo cha ufundi umeme, akahitimu Novemba 2002, na Jumatatu ya tarehe 3 Februari 2003 akaajiriwa na kampuni ya matengenezo ya lifti, kazi ambayo mama yake aliikubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa mtu asiyetulia ni afadhali alipwe kwa kupanda na kushuka.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na ndege, kwa sababu mitambo ya lifti hukaa juu kabisa ya jengo, na mlango wa chumba cha mitambo hufungukia paani. Tarehe 17 Aprili 2006, akiwa juu ya jengo la ghorofa kumi na nne, mikono imejaa grisi, alimkuta kozi, yule ndege mwindaji, amesimama ukingoni akimnyonyoa njiwa, wakatazamana, na jioni ile alifika nyumbani akizungumza bila kuvua buti. Mwezi uliofuata alinunua kamera kuukuu kwa mpiga picha wa harusi, na mwaka 2007 akaanza orodha yake, ambayo kila mwaka ilianza upya tarehe 1 Machi, miti inapoanza kuchipua na ndege wa safari wanaporudi, na kufungwa tarehe 31 Mei. Sheria zake zilikuwa tatu, ndege awe hai, awe huru, na jicho lake lionekane kwenye picha, kwa maana asiye na jicho hahesabiwi, hata angekuwa na mabawa ya dhahabu. Mwaka wa kwanza alipata ndege arobaini na mmoja, na mwaka 2019, ambao ndio ulikuwa mwaka wake mkubwa, mia moja thelathini na mmoja.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2009, na mwoka mikate wa barabara ya nyuma ya stesheni, mtu mpole anayelala mchana na kuamka wenzake wakilala, ambaye alipoulizwa na wazee ndoa inaendaje alijibu kwamba ameoa miguu, mwenyewe bado hajamwona. Walijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 27 Aprili 2011 na wa kiume aliyezaliwa tarehe 8 Mei 2014, wote katikati ya orodha, na mama yake alimwambia waziwazi kwamba kwa mtu wa kalenda kama yeye huo ulikuwa mpango mbovu. Siku alipozaliwa yule wa kwanza, alimkabidhi muuguzi mtoto akampiga picha mbayuwayu aliyetua dirishani mwa wodi, na mbayuwayu huyo yumo kwenye orodha ya 2011, namba sitini na mbili. Nyumba yao ilikuwa safi ila haikuwa na utulivu, chai ilinywewa kwa kusimama, viatu vilikaa vimeelekea nje, na watoto walijifunza mapema kwamba mama yao akinyanyua kidole katikati ya chakula, kila mtu aache kutafuna.

Mwanzoni mwa 2024 alianza kulalamika ubavu wa kushoto, na Jumanne ya tarehe 20 Februari daktari alimwonyesha uvimbe kwenye figo, akapangiwa kufanyiwa upasuaji Alhamisi, tarehe 14 Machi. Marehemu aliomba asogezewe hadi Juni, orodha ikishafungwa. Mume wake alikataa, wakagombana kwa mara ya kwanza tuliyoisikia sisi wa nje, akimwambia, "Ndege watarudi mwakani, mke wangu, wana mabawa," naye akajibu, "Wao watarudi, baba watoto, mwenye mashaka ni mimi." Mama yake alikuwa upande wa mkwewe, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Jumapili, tarehe 10 Machi, mama alimfuata kwenye kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha sabuni ili amrudishe nyumbani akafunge begi la hospitali. Kwa miaka kumi na saba marehemu alikuwa akimtafuta mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayepiga mbizi, na alikuwa na picha sita zake, za mgongo, za mkia na za maji yaliyoruka, lakini jicho hapana. Mama alimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasimama nyuma yake na maneno aliyokuja nayo, akingoja binti ageuke. Hakugeuka. Mama anasema alingoja saa moja na dakika arobaini kwa saa yake ya mkononi, na katika muda huo mtoto aliyemshinda tangu ana miezi tisa hakutikisa hata bega, na ndipo mama akaketi chini kwenye majani na kusahau alichofuata. Kisha mdiria akaja, akatua kwenye tawi hatua nane kutoka walipo, na mama, ambaye hakuwahi kufundishwa mambo hayo, akapaza sauti, "Huyo hapo!" na kunyoosha mkono. Ndege akaondoka. Mama alingoja kugombezwa, lakini marehemu aliishusha kamera, akacheka hadi akajishika ubavu, akasema, "Mama, ndege haonyeshwi kidole."

Mama hakuomba radhi, kwa kuwa hajazoea, ila asubuhi ya Jumatatu, tarehe 11 Machi, saa mbili na robo, alipiga simu hospitali, akajitambulisha kuwa ni mzazi, akaomba tarehe isogezwe mbele hadi Juni, na marehemu alipopigiwa kuthibitisha alikuwa paani kazini, akasema ndiyo.

Tarehe 6 Aprili alimpata mdiria, namba themanini na nne, jicho wazi kama kichwa cha pini, na mama alipoonyeshwa alisema mbona kadogo, akaambiwa ndio ukubwa wake. Ijumaa ya tarehe 19 Aprili, orodha ikiwa tisini na saba, maumivu yalimwangusha kwenye ngazi, na tarehe 23 Aprili akafanyiwa upasuaji, siku arobaini baada ya ile tarehe ya kwanza. Julai ugonjwa ulionekana kwenye mapafu, na Jumapili, tarehe 11 Agosti 2024, saa tisa alasiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Sasa familia inajua yanayosemwa tangu juzi, uani na hata humu ndani, kwamba ni mwanamume gani huyu aliyemwachia mke mgonjwa akimbizane na ndege. Mama anataka isikike mbele ya watu wote kwamba mkwewe alikataa tangu siku ya kwanza, kwamba aliyepiga simu ni yeye, kwamba mkwewe alipojua hakumsemesha kwa siku tisa, na kwamba tangu msiba uingie amekaa kimya akipokea lawama isiyo yake kwa kumheshimu mama mkwe. Mama alimuuliza daktari kama zile siku arobaini ndizo zilizomuua mtoto wake, na daktari alimjibu, "Sijui, mama." Basi kama yuko anayejua zaidi ya daktari, amfuate mama, nyumba yake mnaifahamu, na baba wa watoto hawa aachwe azike mke wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mgonjwa ambaye kila walipomkuta kitandani walikuwa wamemrudisha, majirani waliopika na kufua, mafundi wenzake waliobeba zamu zake kwa miezi minne, na mwenye tanuri aliyemruhusu mkwe wetu kuuguza.

Kiguu na Njia, mama yako anasema upumzike kwa amani, kama utaweza.