Nchi ya Kumficha Majuu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la dobi, upande wa kivuli, na mguu wake mmoja umefungwa waya, kwa hiyo mtu akiinuka bila taarifa wengine wote wanayumba. Hapo ndipo ninapongojea kazi zangu za chuo zitoke kwenye duka la fotokopi ng'ambo ya barabara, na hapo ndipo Shangazi anapouza kahawa kuanzia alasiri mpaka birika liishe, jirani na Friji, fundi wa majokofu. Siku hiyo tuliyumba kuliko kawaida, maana Majuu alikuwa hatulii. Majuu ndiye mpiga pasi wa dobi. Mwaka jana ukoo mzima ulimsindikiza kituo cha basi kwa nyimbo, eti anakwenda Kanada. Alipofika huku mjini kupanda ndege, wakala wake akazima simu na hajaiwasha mpaka leo. Kurudi nyumbani na begi lilelile aliona haya. Akabaki. Kwa mama yake ni nusu siku kwa basi, lakini mama anaambiwa mwanawe yuko Kanada, anafanya kazi kwenye kampuni ya nguo.

Majuu: Jamani, nimekwisha. Binti wa jirani yetu amepata viza. Anakwenda Kanada wiki ijayo, na mama anataka kumpa mzigo aniletee mkononi.

Friji: Mzigo gani?

Majuu: Sweta. Amelifuma mwenyewe. Anasema baridi ya huko itaniua.

Alikuwa anajifuta jasho kwa ukosi wa shati la mteja.

Shangazi: Shati la watu hilo, mwanangu.

Majuu: Mama atapiga jioni hii apewe anwani. Nimwambie nini?

Dalali, ambaye kazi yake ni kupangishia watu vyumba ambavyo yeye mwenyewe asingelala hata kwa dawa, alikunja nne.

Dalali: Kanada imeisha. Hama.

Majuu: Nihamie wapi?

Dalali: Nchi ni kama vyumba, kijana. Kwanza unaangalia majirani. Unataka nchi isiyo na mtu wa kwetu hata mmoja. Wahenga walisema...

Shangazi: Wahenga hawakupanda ndege, waache wapumzike.

Friji: Mimi naona asihame. Aseme tu Kanada ni kubwa, yuko upande ule mwingine.

Mimi: Au amwambie mama ukweli, tunywe kahawa kwa amani.

Wote wakanitazama kama nimemwaga kitu.

Dalali: Dada, usituletee usomi. Hili ni jambo la watu wazima.

Basi mkutano ukaanza. Friji alisema kabla ya kumchagulia mtu nchi lazima kwanza tujue kwa nini watu wanakwenda ng'ambo. Nikadhani tumepata akili timamu.

Friji: Ni baridi. Hakuna kingine. Ubongo ni kama nyama, kwenye joto unaharibika. Wenzetu wanakwenda kule kuhifadhiwa. Mpelekeni Norwe.

Shangazi: Kwa hiyo sisi hapa tumeoza?

Friji: Sijataja mtu.

Dalali: Baridi gani? Mtu haendi mahali, mtu anamkimbia shemeji. Chunguza kila aliyeondoka hapa mtaani, utakuta nyuma yake kuna shemeji aliyehamia kwa muda. Na ukimkimbia shemeji huendi nchi jirani, atakufuata. Unakwenda penye bahari katikati. Mimi nasema Japani.

Majuu: Mimi sina shemeji.

Dalali: Ungekuwa naye ungeshafika.

Mzee Saa alikohoa kwanza. Kila neno lake hutanguliwa na kikohozi, kikavu, cha mara tatu, kama mtu anayebisha hodi kwenye bati. Ana kimeza chake cha kutengenezea saa, ubavuni mwa benchi, na kioo cha jichoni ambacho husahau kukivua.

Mzee Saa: Nyote hamjui. Watu wanafuata saa. Kule magharibi saa ziko nyuma, si ndiyo? Mtu akitoka hapa jioni, akifika kule bado mchana. Amepata masaa ya bure. Sasa mwenye pesa anazidi kwenda, anazidi kupata. Ndiyo maana matajiri hawazeeki.

Friji: Na anaporudi?

Mzee Saa: Kwani matajiri wanarudi?

Kila mtu akaomba kikombe cha pili.

Shangazi: Mimi ningekwenda popote ambapo mtu mwingine ndiye anayechemsha kahawa.

Alisema kwa sauti ndogo, akimimina. Majuu aliinuka, benchi likayumba, akaenda hadi mlangoni kwa dobi, akagusa pasi, akarudi. Akakaa. Akainuka tena.

Majuu: Jua linakwenda. Nipeni nchi!

Dalali: Aisilandi.

Friji: Ndiyo wapi hiyo?

Dalali: Umeona? Wewe huijui, mama hataijua, na binti wa jirani hawezi kupita hapo hata kwa kupotea njia. Nyumba ya peke yake, uzio pande zote, majirani hakuna.

Tukapiga kura kwa mikono. Mimi sikunyoosha, nikaambiwa nimehesabiwa upande wa wengi.

Simu ikalia.

Sheria za simu kila mtu anazijua. Friji anazima mashine yake. Shangazi anatandika kitambaa na kulaza vikombe visigongane. Dalali anakimbia konani kuwapungia mkono wenye pikipiki wapite barabara nyingine. Kuku wa duka la pili anafukuzwa. Majuu hawezi kwenda kuongelea pembeni, kwa kuwa mtandao unakamata pale benchini tu, na simu yake sikio limekufa, inasema kwa spika. Namba ni ileile ya zamani. Mama aliambiwa siku hizi namba husafiri na mwenyewe. Niliwahi kuuliza kama aliamini. Nikajibiwa kwamba hakuuliza tena.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Kanada hamjambo?

— Hatujambo, mama, ila... mama, nimehama. Kampuni imenihamisha. Niko Aisilandi.

— Ndiyo wapi huko?

— Juu, mama. Juu kabisa.

— Kuna baridi?

— Kali sana.

Tone la jasho lilimdondoka puani, likaanguka kwenye simu. Dalali, aliyekuwa amerudi kwa vidole vya miguu, alimwinulia dole gumba.

— Haya. Mungu akutangulie. Na yule mzee anayekohoa, naye mmehama naye?

Sote tukamgeukia Mzee Saa. Mwenyewe alikuwa amefumba mdomo kwa viganja viwili, mashavu yamevimba, macho yametoka, kioo kimemdondokea mapajani.

— Mzee gani, mama?

— Huyo wa kila siku. Tangu siku ya kwanza uliyonipigia kutoka Kanada. Mbona kikohozi hakimwishi, hana wa kumpeleka hospitali?

Mzee Saa alivumilia mpaka mwili ukamshinda. Hodi tatu kwenye bati, mtaa mzima ukasikia.

— Huyo hapo! Pole, mzee wangu.

Sasa Mzee Saa ni mtu aliyelelewa. Katika maisha yake hajawahi kupewa pole akaiacha ikae hewani.

— Nimeshapoa, mama. Ahsante sana.

Friji akajishika kichwa. Ilipita pikipiki, na hakuna aliyekwenda kuizuia.

— Mama, alisema Majuu, nilikuwa nataka...

— Sweta liko tayari, mwanangu. Kwapani sina hakika napo, itabidi ulivae nikuone. Nilijua halitakufaa kitu huko uliko. Nilifuma tu, nifanye nini na mikono? Sasa niambie, hapo mlipo, basi la kuja huku linaondoka saa ngapi?

Majuu alimtazama Dalali. Dalali, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anaijua dunia nzima chumba kwa chumba, akamtazama Mzee Saa. Mzee Saa, aliyezungukwa na saa thelathini zinazotembea, akanitazama mimi. Sikujua. Hakuna mtu wa benchi lile aliyewahi kulipanda basi la kwenda kule.

— Hamjui? alisema mama. Mwulizeni anayeuza kahawa. Vikombe navisikia kila siku.

Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Majuu. Yakatoka machicha ya kahawa tu, birika limeisha.