Marehemu Mkanda na Kiti cha Mwisho Garini

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mkanda, alizaliwa tarehe 9 Juni 1941 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi mwashi.

Alisoma hadi darasa la nane. Kichwa cha hesabu alikuwa nacho, ila mwaka 1957 baba alianguka kazini akaumia mgongo, na marehemu akaenda kufagia jumba la sinema. Miaka miwili baadaye alikuwa ndani ya chumba cha mashine, akibadilisha mikanda ya picha bila mtazamaji kushtuka. Jina likamganda.

Mlangoni alikaa mkata tiketi, binti mwenye ulimi mkali. Marehemu alimpenda, asiseme. Dada yake aliyemfuata kuzaliwa, muuza samani kuukuu, alimwonya kwamba mali nzuri haingoji jioni sokoni. Kweli haikungoja. Rafiki wa chanda na pete wa marehemu, fundi seremala, alimchumbia binti, kisha vita vikamchukua. Alirudi mwaka 1966, kipofu.

Binti alipanda ngazi hadi chumba cha mashine. Akamwambia marehemu kwamba akimzuia, hatakwenda kuolewa.

"Yule vita vimemtosha," marehemu akamjibu. "Usimwongezee."

Akasimama shahidi wa harusi, na suti ya kuazima.

Sinema iliyojaza ukumbi kuliko zote ilikuwa ya vita. Nesi anampenda dereva wa gari la wagonjwa, mara mumewe aliyedhaniwa kafa anatokea. Gari la mwisho linaondoka, kiti kimebaki kimoja. Dereva anamwachia mume kiti hicho, yeye anabaki darajani. Kila iliporudishwa, marehemu alimkalisha seremala kando ya mashine, akamsimulia picha. Mwisho tu ndio aliouruka. Alisema nesi kaondoka na mumewe, basi. Dereva alikuwa dereva tu.

Mwaka 1984 seremala, akiwa mahututi, aliwaita mkewe na marehemu.

"Mkanda, nilipofuka macho, sikuziba masikio. Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Mtu haachii kiti cha mwisho kwa kuwa ni dereva tu. Nikienda, usibaki darajani mara ya pili."

Marehemu na mjane wa seremala walifunga ndoa tarehe 12 Oktoba 1986, baada ya kusukumwa sana. Dada wa marehemu alileta kitanda, na kwa mara ya kwanza maishani hakutaja bei.

Kisukari kilimla marehemu macho, kikamalizia figo. Wodini, mkewe alimsimulia ile picha, na kwake yeye gari liligeuza likarudi darajani.

"Hiyo haimo kwenye mkanda, mke wangu."

"Kwenye wangu imo. Tulia utazame."

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Kwa mizani ya sokoni, ukoo huu haujapata kuwa na mfanyabiashara mbovu kama yeye: alitoa kilicho bora, asiulize atalipwa nini. Hakuacha shamba wala nyumba ya kupangisha. Ameacha mke, mabinti wawili wa seremala aliowasomesha na waliomwita Baba Mdogo, wajukuu watano, na dada yake.

Gari limegeuza, Mkanda. Panda, kiti ni chako. Pumzika kwa amani.