Shukrani za Mzazi wa Kundi la Kukaa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Daktari na wasaidizi wako, walimu, wazazi wenzangu, nanyi watoto mnaojifanya mmetulia: nawasalimu nyote kwa vyeo vyenu na kwa viti vyenu.

Nimeombwa nitoe shukrani kwa niaba ya wazazi wa kundi la kukaa. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea, chekeni polepole.

Mnakumbuka siku ile Daktari alipotueleza kazi yake? Alisema anataka kujua kama mazoezi yanabadilisha jinsi damu inavyopita kwenye ubongo wa mtoto. Watoto wakaokota vikaratasi kwenye kopo: nusu wakimbie uwanjani mara tatu kwa wiki, nusu wasiongeze chochote, waishi kama kawaida, ili mwishoni walinganishwe. Binti yangu akaokota "kawaida", yaani kundi la kukaa.

Ndugu zangu, ni mama gani angetulia? Yaani mtoto wa jirani apelekewe damu kichwani, wangu abaki na ile ile ya zamani?

Nikatafuta kamba. Kila akitoka shule tuliruka sebuleni, mimi na yeye, maana alisema peke yake anaona aibu. Mwezi wa pili, mpangaji wa chini akapanda ngazi.

"Dada, huko juu kuna nini?"

"Tunahamisha kabati, kaka."

"Tangu mwezi jana? Kabati lenyewe linakwenda wapi?"

Wiki iliyopita watoto wakapimwa tena. Daktari akampaka binti yangu ule ute wa baridi hapa pembeni ya jicho, akabandika kifaa chake, damu ikasikika, shuu, shuu. Kisha akampandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Wenzake kadhaa wa kundi la kukaa walishuka wanahema kama wamefukuzwa na mbwa. Wangu akauliza kama anaruhusiwa kuendelea. Daktari, nilikuona ukiigonga mashine yako. Ukaichomoa kwenye umeme, ukaichomeka tena. Mashine ilikuwa nzima. Mgonjwa nilikuwa mimi, pale mlangoni.

Ukamwuliza, "Hukuongeza mazoezi, binti?"

Akanitazama. "Hapana, Daktari."

"Asante kwa kutusaidia," ukamwambia.

Tulipofika ngazini nyumbani, akasimama. "Mama, nimemdanganya mtu mzima kwa ajili yako. Na yeye akanishukuru."

Hapo kicheko changu kiliisha. Nilitaka mwanangu awe na akili. Je, ndiyo akili niliyompa?

Kwa hiyo, Daktari, kabla hujafunga masanduku yako: vipimo vya binti yangu si vya kundi la kukaa. Vifute, au viweke kando, wewe ndiye unayejua. Ila nakuomba, usimfute yeye kwenye awamu ijayo ya kazi yako. Uongo ule ulikuwa wangu. Yeye aliubeba tu, na ulimlemea.

Mwanangu, samahani. Nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.

Na ninyi, wazazi wenzangu wa kundi la kukaa, mbona mmeinamisha vichwa? Mama Pacha, unatafuta nini chini ya kiti? Baba Mwenye Duka, na wewe?

Daktari, shika kalamu. Nadhani utahitaji ukurasa mzima.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Sasa nakaa, ili wengine wapate nafasi ya kusimama.