Neno Lililotaka Kunifungia Shule

Ndugu zangu walimu, nimesimama kushuhudia kwamba neno moja dogo, ambalo hata mtoto anayenyonya analijua, lilitaka kunifungia shule. Nyinyi mnaotoka Nyamira naomba mnyamaze kwanza. Naona mmeshaanza kucheka.

Mimi ni mtu wa ziwani, mnanijua. Miaka michache baada ya Uhuru nikapelekwa kuwa hedimasta huko milimani, juu ya Magwagwa. Nilikwenda na tai mbili na kichwa kikubwa. Siku ya kwanza niliwaambia walimu wangu, wote wenyeji, kwamba hedimasta akizungumza hakatizwi. Wakaitikia vizuri sana.

Mvua ya mawe ikaja ikabomoa darasa la watoto wadogo. Afisa wa elimu akatazama kifusi, akasema kama chumba hakitasimama kabla ya muhula mpya, darasa la kwanza litahamishiwa ng'ambo ya mto. Watoto wa umri ule, na mto ule ukijaa! Basi nikataka wanaume waje na nguzo na mapanga. Nikasimama mbele ya wale wadogo, nikasema kwa Kiswahili safi: kesho kila mtoto aje na baba.

Kesho yake wakaja wanawake. Wamevaa nguo za kanisani, wengine na ndizi za kumkaribisha mwalimu mgeni. Nikapokea ndizi, nikawarudisha nyumbani. Nikawaambia watoto tena, kwa ukali: nataka baba, baba mzazi, si mtu mwingine.

Wanawake wakaja wengi zaidi, na ndizi tena. Mmoja alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, amepanda mlima ule akishika kiuno. Ndugu zangu, nawaambia, hasira zilinipanda. Niliona watu hawa wananichezea kwa kuwa mimi ni mgeni. Nikapanda juu ya kiti nikapaza sauti: “Nyinyi si baba!”

Wakajitwika ndizi zao wakaondoka, na wiki iliyofuata darasa la kwanza halikuwa na mtoto hata wa kufukuza kuku.

Nilianza kuandika barua ya kuomba uhamisho. Asubuhi moja mama mmoja akaja kuchukua kibao cha kuandikia cha binti yake, ampeleke shule ya ng'ambo ya mto. Yule mtoto akatangulia mbio, akajikwaa kwenye kifusi, akaanguka akilia, “Baba! Baba!”

Nikageuka kumtafuta mwanamume. Hakukuwa na mwanamume. Mama yule ndiye aliyekuja mbio, akamwinua, akampangusa magoti.

Nikamuuliza, “Mbona anamwita baba yake na wewe ndiye uliyepo?”

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. “Mimi ndiye baba yake,” akasema. “Kwetu anayezaa ni baba. Mwanaume ni tata.” Kisha akamvuta mtoto kifuani. “Mwalimu, mimi nilikaa miaka mingi bila mtoto. Huyu ndiye Mungu alinipea. Na wewe ukasimama juu ya kiti ukasema mimi si baba.”

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimewaambia wanawake wazima, mmoja akiwa na mimba mbele yangu, kwamba wao si mama wa watoto wao. Nikawauliza walimu kwa nini hawakunionya. Wakajibu kwa adabu kwamba hedimasta hakatizwi.

Jumamosi, ndiyo siku yao ya ibada, nikaenda kanisani kwao nikaomba nafasi ya kusema. Nikaomba radhi, mwalimu mmoja akitafsiri. Alipofika kwenye lile neno, wanawake walicheka mpaka mhubiri akaketi asubiri. Wanaume wakalalamika kwamba wao hawajawahi hata kuitwa. Jumapili wakaja wote: akina tata wakasimamisha nguzo, akina baba wakakandika udongo, nami nikachota maji na tai yangu shingoni. Muhula ulipofunguliwa, hakuna mtoto aliyevuka mto.

Nawashukuru akina mama wale, na wazee wa kanisa walionipa dakika zao. Walimu wangu nawashukuru pia, ingawa walichelewa. Ninalowaachia ni hili: usifikiri umesema, mpaka ujue kilichosikika. Tangu siku ile, mtoto haondoki na ujumbe wangu kabla hajaniambia atausemaje nyumbani.

Nilipohamishwa, waliniaga kwa chai na ndizi, kama zile za kwanza, ila safari hii nilizila kwa heshima. Mama yule akasimama na binti yake, akanishika mkono, akasema, “Mwalimu, umekuwa baba wa watoto wetu.”

Machozi yalinitoka. Na mpaka leo sijathubutu kumuuliza lile neno alilisema kwa lugha gani.