Fanuel Ephraimu Nnko, Aliyechagua Kuuguzwa Nyumbani Kwake

Wachungaji, wazee wa ukoo na waombolezaji wote, Bwana asifiwe. Mimi ni Naftali, mdogo wa marehemu, familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya kaka yangu.

Marehemu Fanuel Ephraimu Nnko alizaliwa tarehe 14 Agosti 1931 hapa Maji ya Chai, akasoma shule ya misheni Nkoaranga hadi mwaka 1947, kisha akawa dereva wa shamba la kahawa Tengeru, hadi alipopunguzwa kazi mwaka 1993 shamba lilipobinafsishwa. Wenzake walikaa kulalamika, yeye, mbishi kama mnavyomjua, akaanza kulima mboga na kuzipeleka mjini.

Tarehe 6 Desemba 1958 alifunga ndoa na Anna, wakajaliwa watoto wawili, Arnold anayeishi Njiro, na Elirehema.

Machi 2001 miguu yake ilivimba, akapimwa mjini Arusha, ikaonekana figo zimeshindwa kazi na moyo ni dhaifu. Daktari alitueleza bila kuficha kwamba mashine ya kusafisha damu ingemlazimu ahamie Nairobi, afungwe kwenye mashine mara tatu kwa wiki maisha yake yote, na kwa umri ule hakuweza kuahidi kuwa ingemsaidia sana. Njia nyingine ilikuwa dawa, masharti ya chakula na kuuguzwa nyumbani, akijua kwamba figo hazitapona. Kaka aliuliza kama mashine itamrudisha shambani, akajibiwa hapana, naye akasema basi atabaki kwake. Arnold aligomba, akalia, akaenda kumtafutia pasipoti, hadi baba yake alipomwita na kumwambia kwamba anamtaka pembeni ya kitanda, si barabarani akihangaika.

Kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu, hivyo nyumba ilijaa ndizi na maziwa, vitu vilevile alivyozuiwa na daktari kwa ajili ya figo, na wapo walionuna walipoona havimfikii. Shemeji Anna aliwapikia wageni ndizi zao wenyewe, wakala mbele ya mgonjwa, naye akawacheka kwamba wamekuja kumuuguza na yeye ndiye anayewalisha. Elirehema alijifunza kuchemsha ndizi na kumwaga maji yake, madini yaliyokatazwa yapungue, ili baba aonje kidogo siku ya Jumapili.

Marehemu alifariki tarehe 9 Februari 2003, asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Arnold.

Tangu jana nasikia minong'ono kwamba watoto walimnyima baba yao matibabu. Nasema mbele ya jeneza hili, Fanuel alichagua mwenyewe, akiwa na akili timamu, mimi nikiwepo, na watoto walitii huku mioyo ikiwavuja damu.

Tunawashukuru madaktari waliosema kweli, wauguzi, usharika wetu, majirani kwa ndizi zenu, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Mwisho nakushukuru wewe Arnold, kwa kukubali usichokitaka.

Kaka, pumzika kwa amani, mwanao hakukukosea.