Kibali cha Kuwauliza Wenye Msiba

Assalam aleikum akina mama. Na ninyi ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nisimame leo, nami nimekuwa nikimkwepa tangu Ramadhani. Sauti ikinikatika mtanivumilia. Nikilia niacheni nilie, halafu nitaendelea.

Wengi mnaniita sista, kwa kuwa mmeniona kliniki ya wajawazito hapa Msambweni. Wachache mnajua kwamba nilikuwa nikisomea shahada ya uzamili, chuo kikuu, ng'ambo ya feri. Nilikwenda kusoma kwa sababu moja. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amefariki. Mimi mkunga, niliyewapokea watoto wa watu, nikalala pale nikisubiri kilio ninachokijua. Hakikuja. Wakamfunika, wakampa baba yake, na kabla ya adhuhuri wanaume walikuwa wameshamzika. Mimi sikuonyeshwa hata uso. Nilipouliza, mwenzangu wa kazi aliniambia, "Bora usimwone, utasahau haraka."

Ndugu zangu, nawaambia, sikusahau hata chembe.

Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga kama mzazi yeyote. "Usilie, mwanangu," akawa akiniambia. "Yule yuko peponi, atakuombea." Aliyasema kwa mapenzi, nami nikanyamaza. Nikarudi kazini nimenyamaza vivyo hivyo, nikawazalisha wenzangu kwa mikono isiyohisi kitu.

Ndipo nikaamua kwamba utafiti wangu utakuwa juu ya mama wa Kwale waliojifungua watoto waliofariki. Nitawauliza waliambiwa nini siku ile, nani aliwashika mkono, na sisi wahudumu tungefanya nini.

Kwa asiyejua, mwanafunzi haamki tu akaenda kuwahoji watu. Chuoni kuna kamati ya maadili ya utafiti. Inausoma mpango wako, na ikiridhika kwamba hautamdhuru mtu, inakupa kibali. Bila kibali humuulizi mtu swali, na usipouliza huna cha kuandika. Shahada utaisikia kwa wenzako.

Nikapeleka mpango wangu. Nilisubiri mpaka nikadhani wameupoteza. Ukarudi: mama hawa wameumia, eleza utawalinda vipi. Nikaeleza kwamba atakayezidiwa tutampeleka kwa mshauri nasaha wa hospitali. Ukarudi tena: mshauri yupi? Hapo nikaishiwa nguvu, maana walisema kweli. Mshauri tuliyekuwa naye alihamishwa na kiti chake kikabaki kitupu. Nikazunguka Ukunda, nikapiga hodi kwenye kliniki za kule Diani. Kote niliambiwa wanahudumia wateja wao tu. Nilipokuwa bado natafuta, muda wa kamati yenyewe ukaisha, tukaambiwa tusubiri iteuliwe nyingine. Kusubiri huko kulikuwa kunakula muda wangu wa masomo.

Msimamizi wangu, mtu mzima na mwema, akanipigia simu. "Binti yangu, badilisha mada. Andika juu ya chanjo, watapitisha bila maswali."

"Mwalimu, juu ya chanjo sina la kusema."

"Basi jiandae kurudi nyumbani mikono mitupu."

Na huko nyumbani nako kulikuwa kumeharibika. Mume wangu ni mpishi wa hoteli Diani. Jioni moja alirudi akanikuta nimezama kwenye makaratasi yangu. Akasimama mlangoni. "Utamchokora mtoto huyu mpaka lini?" akaniuliza. "Mwache alale."

"Kwa sababu wewe umeshamsahau," nikamwambia.

Akatoka nje. Tangu siku ile tukawa tunazungumza mambo ya chumvi na mkaa tu.

Nikaacha kula. Nikisikia kichanga kinalia wodini, natoka nasimama nyuma ya tangi la maji mpaka kinyamaze. Swala ikanishinda, nakaa juu ya msala, maneno hayaji. Na kulikuwa na mama mmoja kijana, aliyepoteza mtoto kama mimi, aliyekuwa ameniambia, "Sista, ukipata ruhusa niite mimi kwanza, nina mengi." Akafariki kwa uzazi mwingine, nami bado sina ruhusa. Baada ya mazishi yake nilivaa sare asubuhi, nikafika mlangoni mwa kliniki, nikageuka. Nikarudi kitandani. Akina mama, nilitamani nisiamke tena. Nalisema hapa kwa sababu najua si mimi pekee niliyewahi kutamani hivyo.

Nikiwa katika hali hiyo, kamati mpya ikaniita nijieleze ana kwa ana. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Walikuwa wameketi kuizunguka meza ndefu. Katikati alikuwepo mama wa makamo, amevaa buibui, miwani imeshuka puani.

"Ukimhoji mama naye akalia, utafanya nini?" akaniuliza.

"Nitasimamisha mahojiano, nimpe maji, nimuulize kama anataka kuendelea." Nilikuwa nimeyakariri.

"Na ukilia wewe?"

Nikainamia makaratasi yangu. Akavua miwani. "Mwanangu, wewe nawe umefiwa?"

"Ndiyo."

"Wa kike au wa kiume?"

Jamani, mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. "Wa kike," nikasema.

"Alipewa jina gani?"

Nikafungua kinywa nijibu, nikagundua kwamba sijui. Mwanangu alizikwa, na mimi mama yake sikujua anaitwa nani. Nililia mbele ya maprofesa wale mpaka nikakaa chini sakafuni. Yule mama akazunguka meza, akaja akakaa nami palepale chini.

Msidhani walinipa kibali. "Leo hatukupi," akaniambia. "Utafiti wako ni mzuri. Lakini ukienda kwa mama hao ulivyo sasa, mtazama pamoja. Tafuta kwanza watu wa kukushika."

Niliwachukia. Kwenye feri nilikuwa nikisema kimoyomoyo kwamba sitarudi tena chuo kile, na bahari nikaiona kama njia. Mwenyezi Mungu alininusuru. Feri ikagusa Likoni, umati ukanisukuma nikashuka.

Mwenzangu mmoja wa kazini ndiye aliyenileta hapa, kwenu mliofiwa na watoto kama mimi. Mnakumbuka nilivyokuwa nakaa mwisho wa mkeka bila kusema neno? Mmoja wenu alinisogezea sahani ya mihogo, akasema, "Kula, dada. Hapa huulizwi mpaka useme mwenyewe." Nikala. Nikawasikia mkitaja watoto wenu kama watu. Siku nyingine nikasema.

Nikarudi nyumbani, nikamuuliza mume wangu, "Mtoto wetu ulimpa jina?"

Aliweka kijiko chini. Akanitajia jina. Kisha akaniambia kwamba siku nyingi akitoka kazini hupitia makaburini kabla ya kuja nyumbani.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kukuumiza," akasema. "Na mimi sikuwa na wa kumwambia."

Kwetu wanawake hatuna ada ya kuingia makaburini, kwa hiyo alinipeleka tukasimama nje ya ua, akanionyesha kwa kidole. Pale tulilia pamoja kwa mara ya kwanza.

Baadaye nikarudi kwenye kamati. Ninyi mlikuwa mmekubali kuwapokea mama watakaozidiwa na maswali yangu. Na mama mmoja wa kule Waa, mstaafu aliyesomea ushauri nasaha, alikubali kuwasikiliza. Kibali kikaja. Sikupiga vigelegele. Wenzangu wa chuoni walikuwa wameshahitimu na kuvaa majoho, na yule mama kijana aliyetaka kuitwa wa kwanza hayupo. Chuo kimeniongezea muda, na sina hakika kama utanitosha. Zipo siku bado nasimama nyuma ya tangi.

Lakini nimeanza kuwauliza, na wanasema.

Nawashukuru, akina mama. Namshukuru mume wangu, na mama mkwe, na yule mama wa kamati aliyeninyima kibali siku ile. Mungu awalipe. Nililojifunza ni dogo: msiba usiosemwa haupungui, na mwenzako wa nyumbani huenda anaubeba peke yake, kama wewe.

Na wewe dada uliyekuja leo mara ya kwanza, uliyekaa karibu na mlango. Sitakuuliza kitu. Sogea tu, mkeka una nafasi huku kwangu.