Kabla ya Wimbo wa Saba

Kwenye treni ya asubuhi, mpiga gitaa aliyekaa mbele yangu alimwambia nesi wa pembeni yake kwamba bendi yao haitoi albamu tena. "Tutatoa wimbo mmoja mmoja, dada. Nyimbo kumi nani atazimaliza?"

"Baba yangu," nesi alijibu. "Alipata kiharusi, akakosa kauli miezi minne. Nikawa namwekea albamu yenu ya kwanza pale wodini. Juzi wimbo wa sita ulipoisha, kabla wa saba haujaanza, akauanza yeye. Na maneno yake, kaka!"

Mimi niliyejifanya nasoma gazeti nililishusha.

Mpiga gitaa alivitazama vidole vyake. "Lakini huyo ni mmoja tu."

"Kwani mmoja hatoshi?"

Treni ilisimama. Walishuka bado wakibishana, ila mpiga gitaa akiuliza mzee amelazwa wodi gani.